Simba, Jogoo na Mizani: Mihuri ya Dola Katika Mji wa Mvita

Karatasi ya serikali, hata iwe imeandikwa kwa mwandiko mzuri namna gani na kutiwa saini na mtu mwenye cheo kikubwa kiasi gani, haina nguvu mbele ya karani wala hakimu mpaka ipigwe muhuri. Na ada hii, ambayo wengi huidhania kuwa ni zao la ofisi za Wazungu, iliingia mwambao wetu zamani, pamoja na dini na biashara. Kila aliyekaa chuoni ameisikia habari ya Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipotaka kuwapelekea barua wafalme wa mbali, akaambiwa kuwa wafalme hao hawaipokei barua isiyo na muhuri, ndipo akatengenezewa pete ya fedha iliyochorwa maneno matatu kwa mistari mitatu. Na pete hiyo ikavaliwa baada yake na makhalifa, mmoja baada ya mmoja, hata zama za Sayyidna Uthman, ilipomponyoka na kutumbukia katika kisima cha Aris huko Madina, ikatafutwa isionekane. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyeiona barua imefungwa na kupigwa chapa ya jina la mwenyewe hakuhitaji kufundishwa na mgeni maana yake ni nini. Alijua kuwa aliyeutuma muhuri amejituma mwenyewe.

Kabla karatasi hazijawa nyingi, hata hivyo, miji ya Waswahili ilikuwa na alama za enzi zisizohitaji wino wala nta. Siwa, lile baragumu kubwa linalopulizwa kwa ubavuni, na ngoma kuu, ndizo zilizokuwa ithibati ya utawala. Siwa haikupigwa ila kwa jambo zito, kama kutawazwa kwa mtawala au arusi ya mtu wa jaha, na mji ulioshindwa vitani ukinyang'anywa siwa yake ulijiona umenyang'anywa utu. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na siwa ya Lamu, ya shaba iliyojaa nakshi, zimehifadhiwa hata leo katika makumbusho, na mwenye kuziona hupata kufahamu kwamba dola za wakati ule zilitaka kusikiwa kabla ya kuonekana. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu lina uhusiano na nembo ya Kenya ambao watu hawautaji sana.

Mombasa, yaani Mvita, kuliko mji wowote wa pwani ya Kenya, imepitiwa na dola nyingi, na kila dola iliyopita iliacha chapa yake mahali fulani. Ya kale kuliko zote ambayo mpita njia aweza kuisoma bila ya kuomba ruhusa ya mtu ni ile iliyo Ngomeni. Wareno waliijenga Ngome ya Yesu baina ya mwaka 1593 na 1596, kwa mchoro wa mhandisi wa Kitaliani aitwaye Giovanni Battista Cairati, na miaka arobaini baadaye, juu ya mlango mkubwa, likawekwa bamba la jiwe lenye tarehe ya mwaka 1635, ambalo ndani yake kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu bila ya haya yoyote: kwamba ana umri wa miaka 27, kwamba ameijenga upya ngome, na kwamba amewatiisha watu wa pwani waliokuwa wameasi pamoja na mfalme wao dhalimu. Huyo dhalimu anayetajwa ni Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, ambaye Wareno wenyewe walimchukua mtoto wakamlea Goa, wakambatiza na kumwita Dom Jeronimo, kisha wakamrudisha kutawala kwa niaba yao. Naye katika Agosti ya mwaka 1631 akamwua kapiteni, akaitwaa ngome, na akarudi katika dini ya wazee wake. Jiwe la Cabreira, basi, ni muhuri wa mtu aliyetishika. Mwenye yakini na miliki yake haandiki ukutani kwamba watu wamemtii.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyelibandua. Waarabu wa Omani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, muda unaokaribia miaka mitatu, wakaiingia na kuwaona waliobaki ndani wakiwa wachache waliodhoofika kwa njaa na maradhi. Wakafanya maskani humo, wakaongeza nyumba na minara, wakaandika pia maandishi yao ya Kiarabu katika kuta na boriti, lakini jiwe la Mreno likaachwa pale pale juu ya vichwa vyao. Naona hapa pana tabia ya dola zote zilizofuata: mshindi aghalabu huona ni rahisi zaidi kukaa juu ya alama ya aliyeshindwa kuliko kuifuta, na wakati mwingine huichukua kabisa akaifanya yake.

Mfano wa kuchekesha wa mambo haya ulitokea mwaka 1824. Mazrui, waliokuwa maliwali wa Mombasa wakajifanya watawala wenyewe, walikuwa wakitishwa na Seyyid Said bin Sultan wa Maskati, na wakaona kinga yao ni kujiweka chini ya Waingereza, ambao walikuwa hawajaombwa wala hawajakubali. Manowari ya Barracouta, chini ya Kapiteni Vidal, ilikuwa imeshapita bandarini na kuondoka bila ya kuahidi kitu. Kapiteni William Owen alipoingia mwezi wa Februari na manowari yake Leven, aliikuta bendera ya Kiingereza inapepea juu ya ngome, tena bendera iliyoshonwa hapa hapa mjini kwa mikono ya wenyeji! Owen akakubali kwa nafsi yake, akamwacha luteni kijana, John James Reitz, awe mkuu wa mahali, na huyo hakumaliza mwaka kabla ya homa kumwua. Jina lake lingali likiitwa katika hori la Port Reitz, kama vile jina la manowari linavyoitwa katika ngazi na nyumba ya Leven kando ya bandari ya kale. Serikali ya London haikuridhia, na katika mwaka 1826 himaya hiyo ya kujipa ikafutwa. Mazrui wakaendelea kushindana na Seyyid hata mwaka 1837, na tangu hapo bendera iliyopanda Ngomeni ikawa ile nyekundu tupu ya Busaidi, isiyo na simba, jua, maandishi wala kitu chochote, ambayo ilidumu kuliko zote. Kitambaa hicho chekundu kilipepea juu ya mji huu kwa muda wa miaka 126, na wazee wa leo waliokuwa watoto mwaka 1963 wangali wakiikumbuka rangi yake.

Sasa tuje katika sarafu, maana muhuri wa dola unaowafikia watu wote, hata asiyejua kusoma na asiyepata kuiona hati maishani mwake, ni ule uliopigwa katika pesa. Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alipotengenezesha pesa za shaba katika mwaka wa Hijra 1299, aliweka upande mmoja jina lake na upande wa pili mizani, alama ya uadilifu sokoni ambayo kila Mwislamu huifahamu bila ya kuelezwa, kwa kuwa kupunja mizani kumelaaniwa ndani ya Kurani. Miaka michache baadaye, mwaka 1887, Barghash aliikodisha sehemu ya pwani yake kwa shirika la Sir William Mackinnon, na mwaka 1888 shirika hilo likapewa hati na Malkia Victoria likawa Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Waingereza, makao yake Mombasa. Kampuni hii ilikuwa na nembo yake iliyochapwa katika bendera na stempu, taji juu ya jua lenye miali, pamoja na maneno ya Kiingereza yenye maana ya nuru na uhuru. Na mtu aweza kuuliza uhuru wa nani, lakini hilo tuliache. Linalotuhusu ni kwamba Kampuni ilipotaka kutoa pesa zake yenyewe, zenye jina la Mombasa, haikuthubutu kuwapelekea watu wa sokoni jua na taji peke yake. Pesa ya shaba ya mwaka 1888 ina mwaka wa Kizungu, na mwaka wa Hijra 1306 kwa tarakimu za Kiarabu, na mizani ile ile ya Barghash. Wafanyabiashara wa Kiskoti walijua kwamba muuza samaki na muuza nazi hawatalipokea jua wasilolijua, wakaazima uaminifu wa Sultani kwa kuazima picha yake. Pesa hizo hazina uzito mkononi; ni vipande vidogo vyeusi vilivyolika kingo, na mara nyingi mizani ndiyo inayobaki kusomeka baada ya maneno yote kufutika.

Kampuni ilifilisika, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Kiingereza ikaitwaa nchi na kuitangaza kuwa himaya. Desemba ya mwaka huo huo pakafanywa mapatano na Seyyid Hamed bin Thuwaini wa Unguja kwamba Waingereza wataitawala pwani, upana wa maili kumi kutoka baharini, kwa jina la Sultani, na kumlipa paundi 11,000 kila mwaka. Kutoka hapo Mombasa ikaishi chini ya alama mbili kwa pamoja. Ngomeni ilipepea bendera nyekundu ya Sultani, na ndani ya ngome hiyo hiyo palikuwa jela ya Mwingereza, tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958. Liwali alihukumu kwa jina la Seyyid, naye alikuwa mtumishi wa Gavana. Na mwaka 1920, bara ilipofanywa koloni, ukanda wa pwani ukabaki himaya, hata jina la nchi katika hati za serikali likawa refu la kuchosha, Koloni na Himaya ya Kenya. Waingereza nao wakaleta mnyama wao. Beji ya Kenya katika bendera ya koloni ilikuwa simba mwekundu aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa mwaka 1921, ikapigwa simba anayetembea, na milima nyuma yake. Tafadhali msomaji aishike picha hiyo, simba na mlima, kwa kuwa atakutana nayo tena karibuni.

Mwaka 1963 uhuru ulipokaribia, swali la pwani lilikuwa halijatatuliwa. Tume ya Sir James Robertson ilikuwa imekwisha kuja mwaka 1961 kusikiliza watu, na mjini palikuwa na waliotaka mwambao uwe nchi peke yake au urudi kwa Sultani, na waliotaka uungane na bara, na waliosimama na Ronald Ngala katika siasa ya majimbo. Maneno yalikuwa makali hata ndugu wa nyumba moja wakanuniana. Mwisho wake ulikuwa barua. Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Unguja, Muhammad Shamte, waliandikiana mwezi wa Oktoba, na tarehe 8 mwezi huo mapatano yakatiwa saini London: Sultani Jamshid bin Abdullah akaacha haki yake juu ya ukanda, na Kenya ikaahidi kuhifadhi mahakama za Kadhi, uhuru wa ibada, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Hati hizo hazikuwa jambo dogo, kwa sababu tangu sheria ya mwaka 1908 watu wa pwani walikuwa wamepeleka madai yao ya viwanja na mashamba yakaandikwa, na karatasi hizo zenye mihuri ya serikali ya himaya zilikuwa, na zingali, zikifungiwa makashani pamoja na dhahabu za kina mama. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa huru, na bendera nyekundu haikupanda tena Ngomeni. Mwezi mmoja baadaye, Unguja nayo ikapinduliwa, na aliyeitoa pwani akawa hana kiti.

Nembo ya taifa jipya ilikuwa tayari. Katikati yake imo ngao ya Kiafrika yenye rangi za bendera, nyeusi juu, nyekundu katikati iliyopakana na michirizi myeupe, na kijani chini. Na ndani ya wekundu yumo jogoo mweupe ameshika shoka kwa ukucha. Kulia na kushoto wamesimama simba wawili wa rangi ya dhahabu, kila mmoja ameshika mkuki, na mikuki hiyo imepandana nyuma ya ngao. Chini yao ni Mlima Kenya, na mbele ya mlima mazao: kahawa, chai, mahindi, pareto, mkonge na mananasi. Chini kabisa, katika utepe, pameandikwa Harambee.

Jogoo hufasiriwa rasmi kuwa ni alama ya maisha mapya yenye ustawi, na tafsiri hiyo haina ubaya, kwani jogoo ndiye mpiga adhana wa wanyama. Lakini kila aliyekuwa mtu mzima siku hizo alimjua jogoo huyo kwa jina jingine, naye ni jogoo wa KANU, chama kilichoshinda uchaguzi wa Mei 1963. Chama kilitoka katika kura na kuingia katika ngao. Sioni kuwa ni jambo la fedheha, maana ndivyo nasaba za wafalme zilivyofanya katika nchi nyingi, ila laifaa kukumbukwa, hasa kwa kuwa mwaka 2002 KANU ilishindwa na kuondoka madarakani, na jogoo hakuondoka. Amesahau chama chake. Watoto wa shule wa leo humchora bila ya kujua kwamba palikuwa na zama ambazo kumchora ni kupiga kampeni.

Simba ndio wanaonishughulisha zaidi. Wasomi wa alama hutueleza kwamba simba na mikuki ni ulinzi wa uhuru, na mlima ni makao na chimbuko. Hakika ni hivyo, lakini msomaji aliyeishika picha ya shilingi ya mwaka 1921 atakuwa amekwisha tambua kwamba simba na mlima vilikuwa mkononi mwa watu miaka arobaini na zaidi kabla ya uhuru. Mkoloni alimweka simba peke yake, wa damu nyekundu. Taifa huru likamfanya wawili, likawatia dhahabu, likawapa mkuki wa Kiafrika wa kushika. Kampuni ilivyofanya kwa mizani ya Barghash ndivyo Kenya huru ilivyofanya kwa simba wa Mwingereza. Picha ni ile ile, mwenye kuishika amebadilika, na watu wanaikubali kwa wepesi kwa sababu macho yao yamekwisha izoea.

Na pwani i wapi katika nembo hii? Hamna bahari, hamna jahazi, hamna mnazi wala mwembe wala mkorosho. Labda mkonge, ambao ulilimwa kwa wingi Vipingo, kaskazini ya Mombasa, twaweza kujifariji nao, ingawa mkonge wenyewe ni mgeni kutoka Mexico. Nchi iliyopokea kila mashine, kila reli na kila gunia la mbolea kupitia Kilindini haikuona haja ya kuchora wimbi moja. Majirani zetu walifanya vingine: nembo ya Tanzania ina mawimbi ya bahari katika sehemu ya chini ya ngao, ina Kilimanjaro, na miguuni pa mwanamume ina mkarafuu, ili Unguja na Pemba zijione. Huko muungano ulikuwa wa nchi mbili zilizokaa meza moja, ilhali hapa ukanda uliingia katika taifa kwa barua, miezi miwili kabla ya sherehe.

Lakini kimoja kimo, nacho hakikuchorwa. Harambee, kabla Mzee Kenyatta hajaifanya wito wa taifa zima mwaka 1963, ilikuwa sauti ya kazi: hamali wa bandarini waliitoa wakinyanyua mzigo ulioshinda mgongo mmoja, wajenzi wa reli na wachukuzi waliitoa, na mabaharia waliitoa wakivuta chombo kukipandisha pwani, mmoja akianza na wengine wakimwitikia kwa mvuto mmoja. Hapa ndipo nilipotaka kufika niliposema habari ya siwa. Katika nembo iliyojaa mambo ya bara, fungu lililotujia sisi ni lile la kusikiwa, nalo likawekwa chini kabisa, mahali pa msingi, na ndilo pekee ambalo raia hulitamka kwa ulimi wake. Najua wako watakaosema huko ni kujiliwaza. Huenda, lakini mji uliozoea kutambua enzi kwa sauti hauna sababu ya kuona haya kwa fungu hilo.

Yafaa pia kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Nembo ni picha ya taifa, nayo huonekana katika pasipoti, milango ya ofisi na barua za serikali. Muhuri wa Umma ni chombo cha kupigia hati kuu za dola, na raia wengi hufa bila ya kuuona ukipigwa. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, katika ibara ya 9, imevitaja vyote viwili mbali mbali, pamoja na bendera na wimbo wa taifa, kuwa ndivyo alama za taifa, na picha zake zimewekwa katika jedwali la pili. Iko pia sheria ya zamani zaidi inayomkataza mtu kuitumia nembo kwa biashara yake bila ya ruhusa. Sheria hii ndiyo sababu huwezi kumwona muuza kahawa wa Ndia Kuu ameichora katika dele lake, hata akiwa mzalendo wa mwisho.

Katiba hiyo hiyo ilileta jambo ambalo Barghash angelishangaa. Ibara ya 231 imekataza noti na sarafu kuwa na sura ya mtu yeyote, na kwa sababu hiyo sarafu mpya zilizotoka Desemba 2018 zina wanyama upande mmoja, twiga katika shilingi moja, kifaru katika tano, simba katika kumi na ndovu katika ishirini, na upande wa pili ni nembo ya taifa peke yake. Baada ya miaka mingi ya kubeba uso wa rais mfukoni, Mkenya sasa anabeba ngao. Katika shilingi ishirini, jogoo ni mdogo kuliko punje ya mtama, na shoka lake haliwezi kuonekana ila kwa kuielekeza sarafu kwenye mwanga na kuigeuza polepole. Simba wanaonekana vema, na mlima wadhaniwa tu.

Zile ahadi za Oktoba 1963 nazo zimepata mahali pao. Mahakama za Kadhi zimo katika ibara ya 170 ya Katiba, mamlaka yake yakiwa ni mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa hapo. Ni mahakama za Jamhuri, na Kadhi ni mtumishi wa Idara ya Mahakama kama hakimu mwingine. Kwa hivyo bibi wa Mji wa Kale anayedai fungu lake la thumuni katika nyumba ya marehemu mumewe huingia na hati ya kiwanja iliyopigwa muhuri wa himaya, husomewa hukumu ya Sharia, na hutoka na karatasi ya Jamhuri ya Kenya. Na karani, kabla ya kumkabidhi, huitazama karatasi hiyo mara mbili kuona kama muhuri umeshika.